Aliyeitika

Siku Felisiani alipokuja Mwisenge kuongea habari za ng'ombe, Boke alikuwa ufukweni anageuza dagaa. Alimwona tangu mbali, akishuka kwenye bodaboda na viatu vyake vya kung'aa, akiinua miguu juu juu kama kuku kwenye tope. Boke hakuhitaji kuambiwa ni nani. Lile paji la uso pana, na ule mtindo wa kutembea bega moja likiwa limetangulia, aliviona miaka yote kwa mtoto aliyemlea.

"Shikamoo, mama," alisema Felisiani.

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimekuja kwako."

"Kwangu ni kule juu, penye bati la kutu. Huku ni kwa dagaa."

Felisiani alicheka kidogo, akatafuta jiwe kavu la kukalia, akalifuta kwa kiganja. Alikuwa amenenepa. Mashine yake ya kusaga kule Bunda ilikuwa imempa kitambi na saa ya mkononi, na nywele zilikuwa zimeanza kuwa mvi juu ya masikio. Boke aliendelea kutembeza mikono yake juu ya nyavu kuukuu zilizotandikwa juu ya mawe, akigeuza upande mbichi uelekee jua.

"Mama, binti anaposwa," alisema Felisiani.

"Najua. Aliniambia mwenyewe."

"Wageni wanatoka mbali, Bukoba huko. Ni watu wa heshima zao. Wakifika wataulizia baba wa binti."

"Hiyo nayo najua."

"Sasa mimi na Esther tumekaa, tumeongea. Zile ng'ombe ulizompa baba yake Esther wakati ule, nakurudishia. Zote. Na ndama zake juu. Ziko Bunda, zimenona, wewe sema tu siku nizilete."

Boke alinyoosha mgongo. Ziwa lilikuwa limetulia, na mbele yao wavulana wawili walikuwa wanaogesha pikipiki majini.

"Nani kakutuma?"

"Sijatumwa."

"Marieta anajua umekuja?"

Felisiani alitazama viatu vyake. "Marieta ndiye aliyesema nije mwenyewe, nisitume mtu."

Boke aliinama tena kwenye nyavu zake. Aligeuza dagaa ambao tayari alikuwa amewageuza, akawarudisha walivyokuwa. Kisha akasema atafikiri, na Felisiani akaondoka akiruka madimbwi yale yale.

Watu wa mjini wangesikia maneno yale wangesema, mwanamke huyu ana bahati gani, anarudishiwa ng'ombe mlangoni. Lakini kwa watu wa kwao Boke, ng'ombe wa ndoa wakirudi wote pamoja na ndama, basi ile ndoa haikuwahi kuwepo, na mtoto aliyezaliwa ndani yake anarudi kwa damu yake. Ndicho alichokuja kukitaka Felisiani. Hakuwa anarudisha ng'ombe. Alikuwa anamchukua Marieta.

Boke alizaliwa kijiji kimoja cha Wakurya nje kidogo ya Butiama. Aliolewa akiwa msichana, mume akafa kabla ya mtoto hata mmoja, akabaki na mji mtupu na ng'ombe aliowapata kwa kulima pamba na ulezi na kukopesha majirani jembe la kukokota. Alipoona nywele zinaanza kubadilika rangi, alifanya kile ambacho wanawake wa kwao wasio na mtoto wamekifanya siku zote: alitoa ng'ombe, akaoa mke. Wenyewe huiita nyumba ntobhu. Mke anazaa na mwanaume anayemtaka, mtoto anakuwa wa yule mwanamke aliyetoa ng'ombe, na yule mwanaume hana jina katika nyumba hiyo.

Mke aliyemwoa alikuwa Esther, msichana mcheshi mwenye sauti ya kuimba kanisani. Mwanaume asiye na jina alikuwa Felisiani, siku hizo kijana wa kuendesha trekta la mtu. Marieta alizaliwa msimu wa mvua, na Boke ndiye aliyemwogesha mara ya kwanza.

Wakwe zake Boke walipoanza kulitamani shamba la marehemu, alifunga vyombo akahamia Musoma. Alipanga chumba Mukendo kwanza, baadaye akapata kiwanja chake Mwisenge. Walikuja wanne: yeye, Esther, mtoto, na mama yake mzazi Boke, bibi kizee Ghati, ambaye macho yake yalikuwa yamezimika. Kwa kuwa Ghati hakuona, siku nzima Boke alikuwa akimwita ili ajue yuko wapi. "Baba, niko jikoni." "Baba, shika mkono wangu." Kwa Kikurya, baba ni mama. Baba wa Waswahili, wao humwita tata.

Kwa desturi mtoto angepaswa kumwita Boke bibi. Lakini mtoto mdogo hafundishwi maneno, huyaokota yalikoanguka. Asubuhi moja Marieta alisimama mwenyewe kwa kushika kinu, akamtazama Boke, akasema, "Baba." Esther alicheka mpaka akakaa chini. Boke naye akaitika, kama aliyekuwa ameitwa hivyo maisha yake yote.

Jina likashika. Esther alikuwa mama, Boke alikuwa baba, na ndani ya nyumba ile hakuna aliyeona ajabu. Ajabu ilianza shuleni.

"Baba yako anafanya kazi gani?" mwalimu aliuliza.

"Anaanika dagaa."

"Mwambie aje kesho. Tunataka wanaume watusaidie kubeba mbao za darasa."

Kesho yake Boke alifika na kitenge chake kiunoni. Mwalimu alimtazama, akatazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine anakuja. Boke alibeba mbao. Watoto waliimba wiki nzima kwamba baba yake Marieta anavaa gauni, na Marieta, ambaye tangu udogo wake alikuwa mtu wa kuongea chini chini, akajifunza kukaa dawati la nyuma na kitabu.

Bibi Ghati alipofariki, nyumba ilipungua. Kisha Esther naye akaondoka. Hakuondoka kwa ugomvi. Felisiani alikuwa amefungua mashine Bunda, akamwita, naye alikuwa bado kijana na moyo wake ulikuwa kule tangu zamani. Asubuhi ya kuondoka alimpigia Boke magoti, akasema, "Mama, nisamehe." Boke akamwambia anyanyuke, basi litamwacha. Alipotaka kumshika Marieta mkono, Boke alisema, "Huyo hapana."

Ndugu zake Esther walikuja baadaye na wazee wao, wakataka kurudisha ng'ombe ili mambo yaishe. Boke aliwapa uji, akawasindikiza mpaka njia kuu, lakini ng'ombe akawakataa. Wakaja tena, akakataa tena. Wakati huo dagaa walikuwa hawatoki, kodi ya meza sokoni ilikuwa inamshinda, na bati la nyumba lilikuwa na matundu ambayo mvua ilikuwa imeyazoea. Watu wakasema mama huyu ameganda akili. Anashinda na njaa, anakataa mali yake mwenyewe! Boke aliwaacha waseme. Ng'ombe wasiporudi, Marieta ni wake. Hakuwa na haja ya kumweleza mtu.

Hata Marieta mwenyewe hakumweleza. Mtu hawezi kumwambia mtoto, wewe uko hapa kwa sababu nimekataa ng'ombe. Alimwacha aende Bunda likizo, arudi na nguo mpya aliyoshonewa na Esther, asimulie mashine ya Felisiani inavyonguruma. Alimsikiliza, akamchotea maji ya kuoga.

Marieta alisoma. Alisoma mpaka akafika chuo kikuu Dodoma, akachukua masomo ya lugha, na alipomaliza akabaki huko huko kusoma zaidi. Ndipo Boke alipoujua upweke sawasawa. Zamani, nyumba ilipopungua, ilikuwa inabaki na mtu. Sasa alikuwa anapika ugali wa saizi ya ngumi. Alikuwa anafungua redio asubuhi ili kuwe na mtu anayeongea, na jioni anaifunga kwa sababu yule mtu hasikilizi. Majirani zake walikuwa Wajita na Wakwaya na Wajaluo, na upande wa pili wa ua alikaa Tabu, Mwislamu mshona vikoi ambaye wazee wake walitoka Tabora. Na wote aliongea nao Kiswahili. Kikurya kilianza kumkauka mdomoni. Kuna siku alitaka kuita chombo fulani cha kwao cha kuhifadhia maziwa, jina likakataa kuja, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Kilichobaki ni simu. Marieta alikuwa anapiga Jumapili baada ya misa, na tangu aanze kusomea maneno, alikuwa na zawadi ya kumletea.

"Baba, leo nimemuuliza yule Mturuki anayejenga reli huku. Na kwao wanasema baba!"

"Ni mama au ni huyu wa suruali?"

"Wa suruali."

"Haya. Na wale Wahindi wa duka?"

"Hao nao wa suruali. Tena mzee yeyote wa kuheshimiwa wanamwitaga baba. Na Mchina naye anamwita baba yake baba, ila sauti anaishusha, kama anaangusha kitu."

Ilikuwa hivyo kila wiki. Mchungaji mmoja Mnaijeria alikuwa amemwambia kwamba kwa Wayoruba ni baba vile vile, mwenye nyumba. Washona, Wazulu, hao pia. Boke alikuwa anasikiliza akihesabu kimoyomoyo nani yuko upande wake, na upande wake ulikuwa mtupu isipokuwa Wakurya wenyewe na ndugu zao Wakisii. Mpaka Jumapili moja Marieta akapiga akiwa na furaha.

"Baba! Nimekupatia mtu. Yule sista Mpolandi wa zahanati. Kwao baba ni mwanamke! Mwanamke mtu mzima, wa shamba, mwenye kelele."

"Mimi nina kelele?"

"Huna. Lakini ni mwanamke. Na Warusi ni hivyo hivyo, mwanamke wa kijijini. Halafu kuna nchi jirani zao, baba ni bibi kabisa. Na Wajapani wana baba, ni kizee wa kike, ila usimwite mtu hivyo usoni, ni tusi."

"Kwa hiyo huko kote mimi nipo."

"Upo, baba. Na kuna nchi moja inaitwa Jojia, wao ndio wamegeuza kabisa. Baba wa suruali wanamwita mama."

Boke alicheka siku hiyo mpaka Tabu akachungulia juu ya ukuta kuuliza kuna nini. Alijaribu kumweleza, lakini kuyasema maneno ya Marieta kwa mdomo wake mwenyewe hakukuwa na ladha ile ile. Usiku wake alilala akiwawaza wale wanawake wa nchi za baridi, watu wazima, wenye kelele, wanaoitwa kwa jina lake. Sijui nao walikuwa wanapigiwa simu.

Sasa ndiye huyu Marieta aliyemtuma Felisiani aje mwenyewe.

Alifika siku chache baadaye, bila kupiga simu, amebeba mkoba mdogo na mkate. Boke alimwona amekonda. Walisalimiana, wakaulizana habari za watu ambao wote wawili hawakuwajali, na jioni wakaketi jikoni, Boke kwenye kigoda, Marieta kwenye ndoo iliyopinduliwa, wakichambua dagaa wa kupika.

"Baba Felisiani alikuja," alisema Marieta.

Boke alilisikia lile neno likiwekwa juu ya jina la mtu mwingine.

"Pokea tu, baba. Hilo bati utaezeka upya. Mguu wako huu unaokuuma ukatibiwe. Mimi nilijua angetuma mtu ungekataa, ndiyo nikamwambia aje."

"Ni bati ndilo linakusumbua?"

Marieta aliendelea kuvunja vichwa vya dagaa. Alipoongea, aliongea na sinia.

"Nimechoka kueleza. Shuleni nilieleza. Mkopo wa chuo, mahali pa jina la baba, nilieleza mpaka wakaita mwenzao aje asikie. Nyumbani kwao Isidori, hao wanaokuja kuposa, nimeeleza, mama yake akasema pole, kama nimefiwa. Isidori anaelewa, wajomba zake hawaelewi. Siku moja tu, baba. Siku ya kuposwa tu, nataka waingie, wamwone mwanaume kwenye kiti, wasiulize kitu."

Boke alichukua sinia kutoka mapajani mwa Marieta, akaipepeta. Vichwa vya dagaa vikaruka chini na kuku akaingia kuviokota.

"Lile neno," alisema. "Ulikuwa unatafuta lilikotoka. Ulipata mwisho wake?"

"Neno gani?"

"Hilo la kwangu."

Marieta aliinua uso. Akatabasamu kidogo, kwa kuwa hapo alikuwa kwenye njia aliyoijua. "Wanabishana. Kiswahili wengine wanasema lilikuja na Waajemi na Wahindi, wengine wanasema Wabantu tulikuwa nalo. Lakini ukienda nyuma kabisa halitoki mahali popote. Hakuna aliyelipeleka Polandi, hakuna aliyelipeleka kwa Wachina. Ni watoto. Mtoto mchanga akianza kuchezea midomo, anaifunga, anaifungua, inatoka ba, ba. Au ma, ma, au ta, ta. Hata hajui anasema nini. Mtu mzima aliye karibu anasikia, anasema, ananiita mimi. Basi linakuwa jina lake. Huku alikuwa mwanaume, kule alikuwa mama, kwingine alikuwa bibi."

"Kwa hiyo hukuwa unaniita mimi."

Marieta aliweka chini dagaa aliyekuwa mkononi mwake.

"Siku ile kwenye kinu," alisema Boke. "Ulikuwa unachezea midomo."

"Baba, mimi sikumaanisha..."

"Ni sawa. Hukujua unasema nini, na mama yako alikuwa amekaa pale pale. Bibi yako Ghati pia. Mimi nikaitika." Alirudisha sinia chini. "Sikujua kwamba ningeweza kunyamaza."

Moto ulikuwa umezidi, sufuria ikafoka. Boke akapunguza kuni moja, akaisugua mavumbini izimike. Kisha akamweleza, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya kitu ambacho hatauza. Ng'ombe wakija wote na ndama, wewe umetoka hapa. Si umeenda kuolewa, hapana. Umetoka tangu mwanzo. Mimi nitakuwa mama mmoja wa Mwisenge aliyekulea kwa msaada.

"Sikujua," alisema Marieta. "Nilidhani ni kama shukrani. Nilidhani anakulipa gharama."

"Ungejuaje? Sikukwambia."

"Basi usipokee."

"Sipokei. Lakini kiti nampa." Boke alimtazama usoni sasa. "Akae yeye mbele, huko kwake Bunda, avae suti, wageni wamwone mwanaume. Usieleze kitu. Ng'ombe asilete, basi. Hayo mambo mawili yanaweza kukaa pamoja."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Mimi nina dagaa."

Marieta alilia. Alilia kimya, kama alivyofanya kila kitu, na Boke alimwacha alie, akapakua. Asubuhi alimsindikiza stendi, akamlipia kiti cha dirishani, na basi la Bunda likaondoka.

Siku ya posa Boke aliamka mapema kuliko siku zote, akashuka ufukweni kununua dagaa mabeseni mengi kuliko alivyozoea. Alitaka kazi imzidi. Alitandaza nyavu zote alizokuwa nazo, akaazima na nyingine. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa visiwani, siku mbaya ya kuanika, na wenzake walimwambia hivyo. Akasema yatapita.

Tabu alishuka na kopo la chai. "Wewe jirani, mwanao anaposwa, wewe unaanika dagaa? Ungekuwa Mswahili ningekuona mchawi."

"Ana watu wake kule."

"Watu gani? Mimi huyo mtoto nilimwona akikuita toka ana meno mawili. Nilikuwa nasema, hawa Wakurya wana mambo!" Tabu alimkabidhi chai, akamchungulia uso, akaacha utani. "Kunywa basi. Imepoa."

Mchana uliendelea. Boke alikuwa anajua hatua zote bila kuziona. Sasa wamekaribishwa ndani. Sasa wamepewa soda. Sasa mshenga amesimama, amekohoa, ametoa barua iliyofunikwa kitambaa kwenye sahani, na binti ameitwa aichukue ampelekee baba yake aifungue. Aligeuza dagaa. Jua lilikuwa linaingia na kutoka.

Mambo yalivyokuwa Bunda aliyajua baadaye, kipande kipande, kutoka kwa Isidori. Marieta aliitwa, akaja na kitenge kichwani, akachukua ile sahani. Felisiani alikuwa kwenye kiti kikubwa, suti inambana, jasho linamtoka. Akanyoosha mikono. Marieta alisimama mbele yake na sahani mkononi, mpaka watu wakaanza kugunaguna. Kisha akasema, kwa sauti iliyowalazimu wageni kuinama ili wasikie, "Samahanini. Hii si ya kupokelewa hapa."

"Binti, si tuliambiwa baba yupo?" aliuliza mjomba wa Isidori.

"Baba yupo. Yuko Musoma, anaanika dagaa."

Esther alisema kwa hasira, "Marieta, unatuaibisha mbele za watu!" Mshenga akageuka kwa Felisiani, na sebule nzima ikamgeukia. Angeweza kusema lolote. Alikuwa na suti, alikuwa na kiti, na pua yake mwenyewe ilikuwa usoni pa yule binti. Felisiani alirudisha mikono yake mapajani, akasema, "Ng'ombe hazikurudi. Twendeni Musoma." Akainuka wa kwanza.

Boke aliwaona wakishuka kwa miguu kutoka barabarani, wanaume wa makoti na wanawake wa vitambaa vya kung'aa, wakitafuta pa kukanyaga. Marieta alikuwa mbele na sahani yake. Boke alikuwa na magamba mpaka viwikoni, kitenge kimelowa, hana kiti hata kimoja zaidi ya kigoda cha jikoni. Tabu alikuwa ameshaelewa kabla yake. Alikimbia nyumbani kwake akarudi na viti vya plastiki kichwani, akavipanga uani, akapeleka mtu dukani kuleta soda, akamrushia Boke kanga kavu.

"Funga hiyo. Nawa mikono. Haraka, wewe!"

Walipanda hadi uani kwa Boke, wakakaa. Mshenga, mzee mwembamba mwenye fimbo nyeusi, alimtazama Boke, akautazama ua, akalitazama bati.

"Sisi tumekuwa tukipiga hodi kwa mwenye suruali," alisema, "kumbe mwenye nyumba amefunga kanga. Tusameheni kwa kupotea."

Watu walicheka, na Boke naye akacheka kidogo, kwa aibu. Marieta alipiga magoti mbele yake akamkabidhi sahani. Hakumweleza mtu yeyote chochote. Alisema tu, "Baba, wageni wako hawa," kisha akabaki pale chini, ameinamisha kichwa.

Barua ilisomwa na Tabu, kwa kuwa macho ya Boke yalikuwa hayatulii kwenye mstari. Ilikuwa barua nzuri, yenye salamu nyingi. Iliposomwa hadi mwisho, mshenga aliegemea fimbo yake akasema, "Basi, mzazi, tumekuja kuomba. Unatupa binti, au hutupi?"

Boke hakuwa amejiandaa kwa swali. Siku zote hizo aliwaza kiti, aliwaza ng'ombe, aliwaza nani atasema ni wake. Hakuwaza kwamba mwenye binti ndiye anayeombwa amtoe. Felisiani alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na choo, ameshika koti lake mkononi, hakuna anayemuuliza kitu. Boke alimwangalia, akaona kwamba mtu yule, angekuwa amekaa kwenye kiti kile, angejibu haraka, kwa sauti kubwa, kisha wangekula. Asingepoteza kitu alichowahi kuwa nacho. Na yeye Boke angebaki ufukweni na dagaa wake, hajaulizwa, hajatoa.

Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye bati, kisha mengine. Huko chini wenzake walikuwa wanapiga kelele, wanakusanya nyavu. Dagaa wote alionunua asubuhi walikuwa juu ya mawe, wanalowa. Hakugeuza kichwa.

"Boke," Tabu alimnong'oneza.

"Nawapa," alisema Boke.

Wanawake wa Bukoba walipiga vigelegele. Mshenga alishika mikono yake yote miwili bila kujali magamba. Yakasemwa mengi ya harusi na ya tarehe, soda zikafunguliwa, wengine wakanywa wamesimama chini ya upenu. Lakini mvua ilikuwa inaongezeka, giza halikuwa mbali, na wageni walikuwa na safari ya kurudi Bunda, ambako chakula walichopikiwa kilikuwa kinawasubiri. Mkoba wa Marieta ulikuwa huko pia. Alimkumbatia Boke mlangoni kwa muda mrefu, akamwambia kitu sikioni kwa Kikurya, maneno machache tu, yenye lafudhi mbovu ya mtu wa mjini. Kisha akakimbia na wenzake kuelekea magari, ameshika viatu mkononi.

Tabu alikusanya chupa. Alitazama ufukweni, akatikisa kichwa. "Dagaa wote wamekwenda."

"Wamekwenda."

"Nikusaidie kurudisha hivi viti?"

Boke alikuwa amevisogeza chini ya upenu visilowe, akakaa kwenye kimojawapo, vingine vimemzunguka kama walivyoviacha.

"Viache kwanza," alisema.

"Hadi saa ngapi?"

"Hadi kesho."

Adhana ya magharibi ikaanza kusikika upande wa Mukendo. Tabu alijifunika ushungi wake, akamgusa bega, akaenda kuswali.